Kubadilisha pampu ya mafuta kwenye Impreza ya turbo (na ule mpira wa sentimita saba)

Wakuu, wiki hii peke yake nimeulizwa jambo hili mara sita, na mara zote nimejibu kwa kurekodi sauti huku nakula. Naandika mara moja. Ukiniuliza tena nakutumia hii.

Gari ninalozungumzia ni Subaru Impreza WRX, toleo la GDA, injini EJ205, iliyoongezwa presha ya turbo na kufungwa nozeli kubwa. Wagoni na Forester za turbo hazina tofauti kubwa, ila kifuniko cha kuingilia kwenye tanki utakikuta chini ya zulia la buti badala ya chini ya kiti.

Tuelewane kwanza: pampu haiongezi nguvu. Kazi yake ni kuhakikisha presha ya mafuta haianguki pale unapokanyaga mpaka chini. Injini ya farasi 300 inakula takribani lita 110 za petroli kwa saa ikiwa imelemewa kabisa. Utauliza, sasa pampu ya lita 255 ya nini? Ni kwa sababu hizo 255 hupimwa presha ikiwa karibu psi 40 (psi ni kipimo cha presha). Regyuleta yako, ile inayodhibiti presha ya mafuta, inaanzia 43, na kila psi moja ya turbo inaongeza psi moja kwenye reli ya nozeli. Turbo ikitoa 18, pampu inasukumana na 61, na kadiri presha inavyopanda ndivyo lita zinavyoshuka. Ongeza waya za miaka ishirini zinazomeza volti njiani, uone kinachobaki.

Mimi nilifunga pampu ya Walbro, ya lita 255. Inaingia kwenye kishikio cha pampu ya zamani bila kuchonga kitu.

1. Tanki liwe robo au chini. Mtungi wa kuzimia moto karibu, sigara mbali, mwanga uwe tochi ya LED, si balbu ya kuning'iniza.

2. Ng'oa kiti cha nyuma.

3. Chini yake kuna vifuniko viwili. Cha pampu ni kile chenye mipira mitatu. Kabla hujagusa mpira wowote, piga brashi na upulize vumbi lote. Mchanga ukiingia tankini ni wako.

4. Chomoa soketi ya pampu, washa injini mpaka izime yenyewe, piga stata mara mbili tatu tena. Presha imekwisha. Toa waya wa hasi wa betri.

5. Weka alama kwenye mipira kwa tepu, kisha ichomoe. Tanki hili limekaa kama sogi la punda, limeangukia pande mbili za shafti. Mpira mmoja unapeleka mafuta mbele, mmoja unarudisha, wa tatu unavuta yaliyo upande wa pili. Ukiichanganya, geji itakuonyesha nusu tanki na gari litazima barabarani.

6. Fungua nati nane, toa pampu pole pole ukiinamisha, usipinde mkono wa boya la geji ya mafuta.

7. Mezani: toa pampu ya zamani, weka mpya na chujio jipya. Angalia chanya na hasi. Ukigeuza waya pampu inazunguka kinyume, inalia vizuri tu, na presha huioni. Usifunge waya kwa tepu ya umeme, gundi yake inayeyuka ndani ya petroli.

8. Mpira. Hapa kaa chini usome.

Kati ya mdomo wa pampu na bomba la kishikio kuna kipande cha mpira kama sentimita saba. Kinaishi ndani ya petroli usiku na mchana. Mara ya kwanza nilikata kwenye mpira niliouziwa duka moja hapa Dar, muuzaji ananiapia kwamba ni wa mafuta. Hakusema uongo. Ulikuwa wa mafuta kupita ndani, si wa kulowekwa nje. Mipira hii huchapwa namba ubavuni: 30R7 na 30R9 ni ya kukaa nje ya tanki, hata kama 30R9 inahimili presha ya nozeli. Inayozama ni 30R10. Tofauti iko kwenye gamba la nje: la zile mbili halikutengenezwa kukaa ndani ya petroli.

Wiki tatu gari lilikuwa tamu. Siku napanda Kitonga kwenda Iringa, gia ya tatu, geji ya hewa na mafuta ikatoka 11 ikaenda 14 turbo ikiwa imejaa, yaani mafuta yamepungua. Nikasikia mlio kama kokoto zinatikiswa kwenye kopo. Nikaachia. Kufika mjini napima presha injini ikinguruma tu: 35, safi kabisa. Nikaamua pampu ni feki. Nikanunua nyingine, nikaifunga usiku, na, jamani, nikakata kipande kingine kutoka kwenye mpira ule ule uliobaki.

Safari hiyo haikufika wiki tatu. Pistoni ya silinda ya nne ilivunjika ukingo wa ringi. Injini ikiwa chini nikaitoa pampu tena, ndipo nikauona mpira umevimba kama mguu wenye matende, na chini ya klempu una mpasuko wa sentimita mbili. Mafuta yalikuwa yanarudi tankini kupitia hapo. Nje hakuna tone, hakuna harufu. Injini ikinguruma bila mzigo mahitaji ni madogo, kwa hiyo geji inakudanganya. Presha inaanguka pale tu unapoihitaji. Ile pampu ya kwanza iko kabatini hadi leo, nzima.

Kwa hiyo: soma namba kwenye mpira wenyewe, si kwenye mdomo wa muuzaji. Kama namba imefutika, usiufunge. Klempu iwe ya ukingo laini, ya nozeli. Zile zenye matundu ya skrubu zinakata mpira mdogo kama wembe. Usiikaze klempu mpaka mpira utokeze pembeni.

9. Kagua gasketi, rudisha, kaza nati kwa kupokezana msalaba. Ni nati ndogo, mkono mwepesi.

10. Rudisha mipira na waya, fungua swichi sekunde mbili, zima, rudia mara nne. Papasa kila kiungo. Usirudishe kiti siku hiyo.

11. Funga geji ya presha kwenye mpira wa mafuta chini ya boneti. Chomoa kimpira cha vakyumu cha regyuleta: isome karibu 43. Kirudishe, ishuke kwenye 34 hivi. Kisha barabarani, mwenzako akiangalia geji, ukikanyaga ipande sawa na turbo. Turbo ikipanda na presha ikabaki pale pale, achia mguu, usiendelee "kuona itakuwaje".

MASWALI

Kijana wa Tegeta: Mkuu nikifunga hii naongeza farasi ngapi?

Sifuri. Aya ya tatu.

Mzee wa Mtumba: Je mpira wa jiko la gesi unafaa? Ninao nyumbani mita moja.

Hapana.

Mzee wa Mtumba: Lakini ni wa presha.

Ni wa gesi, mzee wangu. Hapana.

Boksa Nne: Mimi nimefunga mpira wa kawaida mwaka wa pili huu hakuna shida. Mnapenda kutisha watu.

Hongera. Turbo yako inatoa ngapi, na mara ya mwisho kupima presha ukiwa umekanyaga ni lini? Kama hujapima, hujui kama huna shida, unajua tu kwamba gari halijafa. Sikutishi, nimelipia somo hili kwa injini.

Dada Forester: Kaka, ninayo Forester SG5. Fundi anataka niweke pampu ya lita 450 moja kwa moja "ili nisirudie kazi". Kuna ubaya gani ikiwa kubwa zaidi?

Swali zuri, dada. Ubaya upo sehemu mbili. Kwanza, mafuta yasiyotumika lazima yarudi tankini kupitia regyuleta na bomba la kurudisha, na hilo bomba ni jembamba. Ukilijaza kupita kiasi, presha inabaki juu hata injini ikinguruma tu, regyuleta haina tena la kufanya, na gari linanuka petroli. Pili ni umeme. Pampu kubwa inakula ampea nyingi, na waya pamoja na kile kiboksi kinachodhibiti pampu havikuundwa kwa hiyo. Kwenye hizi Subaru kiboksi hicho huendesha pampu kwa ngazi, theluthi moja, theluthi mbili, au yote. Ukienda 450, panga waya mpya wa milimita za mraba 4 kutoka betri, fyuzi karibu na betri, na rilei ya kuwasha na kuzima huo umeme mkubwa. Kwa malengo ya chini ya farasi 400, chukua 255 ulale.

Dada Forester: Hiyo rilei niiwashe kwa waya wa swichi?

Usifanye hivyo, hata kama ndiyo rahisi. Ukipata ajali injini ikazima huku swichi iko wazi, pampu itaendelea kumwaga petroli. Amri itoke kwenye kompyuta ya gari, ambayo inaikata injini isipozunguka. Ila usichukue waya unaotoka kwenye kile kiboksi, kwa sababu umeme wake unakatika-katika na rilei itatetemeka mpaka iungue. Chukua kabla yake. Umeuliza vizuri, nilisahau kuandika.

Msee wa Ngong Road: Boss, niko Nairobi. Gari ilityuniwa huku, iko sawa kabisa. Nikishuka Mombasa inaanza kukatakata nikikanyaga. Ni pampu?

Inawezekana sana. Kama turbo unaidhibiti kwa kile kivalvu cha kuzungusha kwa mkono, geji inasoma baa moja (baa nayo ni kipimo cha presha) kote kote. Lakini Nairobi hewa ya nje ina kama baa 0.82, Mombasa baa 1 na ushee. Baa moja ya geji pwani ni hewa nyingi zaidi ndani ya silinda, kwa hiyo inataka mafuta mengi zaidi. Pampu iliyochoka inajificha milimani, inaumbuka baharini. Pima presha ukiwa Mombasa, na mpaka upime endesha kistaarabu.

Msee wa Ngong Road: Asante sana boss. Na kutembea na tanki karibu tupu je?

Acha. Petroli ndiyo inayoipoza pampu. Na kwenye kona kali mafuta yanakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa. Ukienda kukimbiza, nusu tanki kwenda juu.

Kijana wa Tegeta: Harufu ya petroli kwenye kiti inatokaje? Nilimwaga.

Kama ni ya kumwagika, milango wazi juani siku mbili, na unga wa kahawa kwenye sahani chini ya kiti. Kama inarudi kila ukijaza tanki, ni gasketi ya hatua ya 9. Fungua leo.

Boksa Nne: Nimepima. Turbo 16, presha inaishia 50.

Inatakiwa 59. Paki gari. Njoo na pampu yako tuifungue, mpira ninao.

Mzee wa Mtumba: Nimepata ule wa 30R10, ila wameniuzia kipande cha sentimita kumi tu. Unatosha?

Unatosha. Kata saba.