Mdadisi wa Takwimu Akibisha Hodi: Namna ya Kumpokea na Sababu ya Maswali Yake

Kaya yako ikichaguliwa katika Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya, kwa kawaida mdadisi, yaani mkusanya takwimu, hufika akiwa na mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa. Omba kuona kitambulisho chake na barua ya utambulisho ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania, wala usione haya, kwani mdadisi halali amezoea kuulizwa. Anayedai ada au namba ya siri ya simu, huyo ni tapeli, mfungie mlango.

Wengi huuliza kwa nini wao na si jirani. Katika utafiti wa Tanzania Bara wa mwaka 2017/18 yalichaguliwa maeneo 796 ya kuhesabia watu, kisha kaya 12 katika kila eneo, yaani kaya 9,552 kwa nchi yenye mamilioni ya kaya. Kaya moja hujibu kwa niaba ya nyingine takriban elfu moja zilizo kama yake, na ndiyo maana jibu la uongo la mtu mmoja lina madhara kuliko anavyodhani.

Swali la kwanza ni la wanakaya. Taja wote wanaolala kwako na kula chungu kimoja, akiwamo msaidizi wa kazi na mjukuu aliyeletwa kutoka mjini, bila kumficha mtoto asiyekwenda shule. Baada ya hapo, katika utafiti huo wa 2017/18, kaya iliandika kwenye daftari matumizi yake ya kila siku kwa siku 14, na hapa ndipo watu hukosea zaidi. Fungu la nyanya la shilingi 500 liandikwe, mkaa wa kopo uandikwe, na unga uliotoka ghalani mwako uandikwe pia ingawa hukuulipia, pamoja na dagaa ulioletewa na shemeji. Ukiacha vitu vya shambani kwa kuwa hukutoa fedha, mkulima anayeshiba ataonekana maskini wa chakula. Katika madaftari hayo ndimo ulimopatikana mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na kiwango cha umaskini cha asilimia 26.4, kutoka 28.2 ya mwaka 2011/12. Kapu la bidhaa linalotumika kupima mfumuko wa bei nalo hupangwa kwa uzito wa matumizi hayohayo.

Utafiti mwingine, ule wa afya ya uzazi na mtoto, una maswali yanayogusa undani zaidi: sakafu ni ya udongo au saruji, choo ni cha namna gani, mama amezaa mara ngapi na ni watoto wangapi waliofariki. Swali la sakafu huwaudhi watu, ingawa kwa maoni yangu ni la heshima kuliko kuulizwa mshahara, kwa sababu majibu ya sakafu, redio, baiskeli na mengine kama hayo hutosha kuzipanga kaya katika makundi matano ya hali ya maisha. Mwanamke akiulizwa kuhusu ukatili, ahojiwe peke yake. Mume na mama mkwe wawapishe bila kunung'unika.

Mkubali pia mtoto wako apimwe urefu na uzito. Utafiti huo wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, lakini katika Mkoa wa Iringa, unaosifika kwa mahindi, walizidi nusu. Aliyetazama maghala peke yake asingeligundua hilo. Baada ya takwimu hizo, swali mkoani humo si tena kiasi cha mahindi yanayovunwa. Ni kile mtoto anacholishwa, mara ngapi kwa siku, na nani anayebaki naye mama akiwa shambani.

Usipunguze mali kwa kuhofia kodi, wala usijifanye fukara ukitumaini kuandikishwa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, kwa kuwa wanufaika hawachaguliwi kwa dodoso hili. Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, inakataza kutoa taarifa za mtu mmoja mmoja, na kinachochapishwa ni jumla tu. Katika utafiti wa afya, swali likikuzidi, mwambie mdadisi hutaki kulijibu, aandike hivyo kwenye kishikwambi chake na kuendelea na linalofuata.