Jinsi ya kukagua Porsche 911 GT3 iliyokimbizwa uwanjani kabla ya kuinunua

Anayetafuta 911 GT3 iliyotumika, iwe ya kizazi cha 996, 997 au 991, akubali jambo moja mapema: gari hili liliundwa likimbizwe kwenye uwanja wa mbio za magari. Muuzaji akikuapia kwamba halijawahi kukanyaga Nürburgring wala Silverstone, kiapo hicho hakina thamani. Lililokimbizwa kila mwezi, likamwagwa oili kwa wakati na risiti zote zipo, linunue kabla ya lile lenye kilomita chache na historia iliyofichwa. Uwanja wenyewe hauui GT3. Kinachoiua ni joto lisilofuatiliwa, gia iliyoingizwa kimakosa, na mwenye gari aliyekwepa gharama za matunzo. Vyote vitatu huacha alama, na alama hizo zinasomeka.

Anza na kompyuta ya injini

Usilipe hata arubuni kabla ya kupata ripoti ya mizunguko iliyopita kiasi. Wakala wa Porsche au fundi huru mwenye PIWIS, mashine ya Porsche ya kusomea kompyuta za gari, huitoa kwa muda mfupi. Kompyuta huhesabu cheche za plagi kila injini inapovuka kikomo chake, na kuandika saa ya injini ambapo tukio la mwisho lilitokea. Kwenye 996 hesabu imegawanywa madaraja 2. Kwenye matoleo ya baadaye ni madaraja 6.

Namba hizi huwatisha watu bure kwa sababu hawajui zinahesabu nini. Injini ya silinda 6 hutoa cheche 3 kwa kila mzunguko. Kwa mizunguko 8,400 kwa dakika, hiyo ni cheche 420 kwa sekunde. Basi ukiona 12,600 kwenye daraja la 1, ni jumla ya sekunde 30 katika maisha yote ya gari, na karibu zote ni dereva aliyechelewa kupandisha gia akagonga kizuizi cha mizunguko. Madaraja ya chini hujazwa hivyo, nayo hayapaswi kukunyima usingizi.

Daraja la 4 kwenda juu ni habari nyingine. Kizuizi hukata mafuta, lakini hakiwezi kuzuia magurudumu yasiizungushe injini kwa nguvu. Dereva aliye kwenye gia ya 3 kwa mizunguko 8,000, akitaka ya 4 akaingiza ya 2, huipeleka injini zaidi ya 10,000 mara tu anapoachia klachi. Hapo springi za valvu hazifungi tena kwa wakati, valvu inaweza kugusa pistoni ikapinda, na bolti za konrodi (vyuma vinavyobeba pistoni) huvutika. Cheche 42 kwenye daraja la 5 ni mizunguko 14 tu, chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na zinatosha kufanya uharibifu huo.

Ndipo saa za tukio zinapokuwa na maana. Tuseme gari lina kilomita 48,000 na saa 900 za injini: wastani ni kama kilomita 53 kwa saa, jambo la kawaida. Tukio la daraja la 5 likiwa limeandikwa saa ya 310, gari limetembea takriban kilomita 31,000 baada yake, na valvu iliyopinda isingevumilia safari hiyo. Likiwa limeandikwa saa ya 870, ni kama kilomita 1,600 tu zimepita. Hapo usiendelee bila vipimo vya silinda, na hata vikitoka vizuri, bei lazima ishuke.

Hesabu hiyohiyo hufichua udanganyifu. Kilomita 48,000 kwa saa 200 ni wastani wa kilomita 240 kwa saa, jambo lisilowezekana. Maana yake kompyuta imebadilishwa, na historia ya zamani imeondoka nayo. Dai maelezo yaliyoandikwa. Kwenye gari la PDK (gia za kujibadilisha zenye klachi mbili), kompyuta ya gia hukataa gia ya chini mno, kwa hiyo namba kwenye madaraja ya juu si kosa la kawaida la dereva; uliza sababu mpaka upate jibu linaloeleweka.

991 za mwanzo zina jambo lao. Mwaka 2014 Porsche ilibadilisha injini za magari 785 kwa sababu bolti za konrodi zililegea na magari yakawaka moto, na baadaye vifaa vinavyosukuma valvu vikaonekana kulika mapema. Linganisha namba ya injini na karatasi za wakala ujue ni injini ipi iliyomo sasa.

Kipimo cha kuvuja kwa silinda, ambapo hewa husukumwa ndani yake kuona kiasi kinachotoroka, hufanywa injini ikiwa ya moto. Chini ya asilimia 5 ni afya njema. Ikivuka 10, simama. La kutazama zaidi ni silinda moja kuachana na wenzake. Sikiliza hewa inakotokea: kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea, kwenye njia ya hewa ni valvu ya kuingizia, kwenye mdomo wa oili ni ringi za pistoni. Mwambie fundi akate filta ya oili aikunjue chini ya taa, na sampuli ya oili ipelekwe maabara.

Breki husema ukweli kuliko mwenye gari

Vua magurudumu yote manne. Kuchungulia kati ya spoku hakutoshi. Kalipa za njano za breki za kauri zilizopata joto kali hugeuka kahawia, na nyekundu hufifia zikaelekea zambarau. Tazama mipira midogo inayozunguka pistoni za kalipa: ikiwa imekauka na kumeguka kama karatasi iliyoungua, breki hizo zilipikwa mara nyingi. Kalipa iliyopakwa rangi upya wakati mipira yake imeungua ni kengele kubwa.

Diski za kauri hazipimwi kwa unene kama za chuma. Joto huchoma nyuzi za kaboni, na diski hupungua uzito huku ikionekana nene ileile. Uzito wa chini kabisa umeandikwa kwenye kitovu chake; ifunguliwe, isafishwe, iwekwe kwenye mizani. Wakala wengine wana kifaa cha Carboteq kinachopima bila kufungua. Usikubali jibu la "ziko sawa" bila namba, maana seti mpya inaweza kumeza punguzo lote ulilopigania. Wenye busara huvua diski za kauri, wakafunga za chuma kwa ajili ya uwanjani na kuhifadhi zile za kiwanda sandukuni. Hilo ni jambo zuri, mradi sanduku lije na gari. Kwenye diski za chuma, tafuta nyufa zinazounganisha tundu na tundu au zinazofika ukingoni: hizo ni za kutupwa.

Magurudumu yenyewe: kuanzia toleo la pili la 997, yanashikwa na nati moja ya katikati, nayo kwenye 991 hukazwa kwa Nm 600. Meno yaliyolika au nati iliyochubuka ni ishara ya gurudumu lililofunguliwa mara nyingi bila spana sahihi. Tairi iliyolika upande wa ndani yaonyesha kwamba magurudumu yamelazwa kwa ajili ya kona. Omba karatasi ya mwisho ya alaimenti.

Chini ya gari

GT3 za 996 na 997 zina injini ya Mezger (jina la mhandisi aliyeibuni), imara sana, ila viungo vyake vya maji vimegundishwa kwa gundi. Joto la uwanjani hulegeza gundi, kiungo huchomoka ghafla, na maji yote humwagika mbele ya tairi za nyuma ukiwa kwenye mwendo. Dawa ni kuvichomelea au kuvifunga kwa pini, kazi inayotaka injini ishushwe. Risiti ya kazi hiyo huongeza thamani ya gari, ingawa mara nyingi maana yake ni kwamba lilikuwa la uwanjani.

Difu yenye sahani za msuguano huchoka haraka kwenye matumizi ya uwanjani. Weka gia huru, achia breki ya mkono, inua gurudumu moja la nyuma, kisha lizungushe kwa spana yenye kipimo huku la pili likiwa chini. Likizunguka kwa mkono bila upinzani, sahani zimekwisha, na gari litayumba nyuma ukikanyaga breki kwa nguvu. Kwenye majaribio barabarani, shusha gia kutoka 3 kwenda 2 kwa haraka kiasi. Ikikwaruza, sinkro (ringi zinazolinganisha kasi ya gia) zimechoka.

Vipande vya mpira vilivyogandamana ndani ya bampa ya nyuma, nyuzi za tundu la ndoano ya kuvutia zilizong'aa, na alama za gundi ya utepe mlangoni vyote vinasema uwanja. Nusu keji ya bomba peke yake haisemi, kwa kuwa Porsche yenyewe iliiuza Ulaya kwenye kifurushi cha Clubsport.

Karatasi

Gari la Uingereza lina faida kubwa: matokeo ya MOT, ukaguzi wa lazima wa usalama wa gari, yanasomwa bure kwenye tovuti ya serikali kwa namba ya gari. Soma maonyo, si matokeo tu. "Tairi zimelika ndani" miaka mitatu mfululizo ni historia ya uwanjani iliyoandikwa na mtu asiye na maslahi. Kwa gari la Japani, karatasi ya mnada itakuonyesha R kwa lililogongwa likatengenezwa, lakini haina habari ya mizunguko ya injini, hivyo ripoti ya kompyuta bado ni ya lazima. Anayefikiria kulipeleka Kenya akumbuke kikomo cha miaka 8 tangu usajili wa kwanza: 997 hapo haipiti, hata iwe safi namna gani.

Ukishapata namba zote, tengeneza orodha ya vitu vinavyokaribia kuisha, yaani diski, pedi, tairi, klachi, sahani za difu na viungo vya maji, uombe bei ya fundi kwa kila kimoja, kisha ukate jumla hiyo kwenye bei ya gari zima la mwaka na kilomita sawa. Ripoti ya kompyuta, yenye tarehe na namba ya chasisi, iambatanishwe na mkataba. Na kabla ya kulipeleka uwanjani wewe mwenyewe, badilisha maji ya breki yote, kwani ya zamani huchemka na pedali huzama hadi chini.