Kujiandaa kwa mtihani wa kuzungumza Kiingereza ukiwa Bukavu

Mitihani ya mazungumzo ya Kiingereza ya Trinity College London, bodi ya mitihani ya Uingereza, ina madaraja 12: la 4 hadi la 6 huchukua dakika 10, la 7 hadi la 9 dakika 15, na matatu ya juu dakika 25.

Kuanzia daraja la 4 mtahiniwa huja na mada yake mwenyewe, na hapo ndipo wanafunzi wetu wengi wa Bukavu hujiponza, kwa kuwa tumezoea kukariri somo zima na kulitoa neno kwa neno. Mtahini huuliza katikati, na aliyekariri hupotea. Chagua jambo unaloliishi, kwa mfano uvuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, katika Ziwa Kivu. Andika vichwa vichache tu, kisha mwombe dada au rafiki akuulize bila mpangilio: kwa nini wavuvi huwasha taa usiku, na bei hupanda lini?

Jihadhari pia na mazoea ya Kifaransa, ambacho husema mtu “ana” miaka 16, ilhali Kiingereza husema “ni” wa miaka 16.

Kuanzia daraja la 7 kuna sehemu ambayo mtahini hutaja jambo kisha hukuachia wewe kuendesha mazungumzo. Basi jizoeze kuuliza, si kujibu tu.