Pikipiki ya tu-stroku ya mtoto: oili, ea klina na kabureta kati ya Arusha na Moshi

Pikipiki ya motokrosi ya mtoto, cc 50 au 65, inaweza kupangwa kabureta Arusha Jumamosi mchana ikatulia kabisa, ikashushwa Moshi kwenye pikapu, na Jumapili asubuhi pistoni ikanata kwenye silinda kabla mtoto hajamaliza mizunguko kumi. Fundi aliyezoea bodaboda atalaumu oili. Mara nyingi kosa liko kwenye hewa, ila tuanze na oili kwa kuwa ndiyo inayoharibiwa kwa makusudi mema.

Bodaboda ina oili yake chini ya injini. Tu-stroku (injini inayowaka kila mzunguko mmoja wa kranki) haina: kranki, pistoni na ringi hulainishwa na oili iliyochanganywa na petroli. (Gia zina oili yake mbali, usiisahau.) Soma uwiano kwenye kitabu cha pikipiki. Uwiano wa 40 kwa 1 ni ml 25 za oili kwa lita moja ya petroli, 50 kwa 1 ni ml 20, na 60 kwa 1 ni kama ml 17. Usikadirie kwa kifuniko cha chupa. Nunua bomba la sindano la ml 20 au 50 duka la dawa. Kwa lita 5 za 40 kwa 1, tia kwanza ml 125 za oili kwenye dumu safi, ongeza petroli nusu, tikisa, kisha jazia. Tikisa tena kila unapomimina.

Tafuta oili ya 2T iliyoandikwa JASO FD (kiwango cha ubora cha Japani) kwenye kopo. Ile ya injini za boti, TC-W3, imetengenezwa kwa injini zinazopozwa na maji ya ziwa au bahari, haifai humu. Oili ya bodaboda nayo haiungui vizuri, huziba plagi. Na usizidishe oili ukidhani unamlinda mtoto: oili ikizidi, petroli inayopita kwenye jeti (kitundu cha petroli ndani ya kabureta) inapungua, na injini inazidi kupata joto. Yamaha PW50 ina tanki lake dogo la oili, hivyo petroli yake huwekwa bila kuchanganywa oili. Ya kuangalia kila siku ni hilo tanki dogo.

Ea klina, chujio la hewa, ni sponji, na vumbi letu la udongo wa volkano ni laini kama unga. Likipita, linasaga ringi na silinda. Wakati wa kiangazi ioshe kila baada ya siku ya kuendesha: mafuta ya taa kwanza, halafu maji ya uvuguvugu na sabuni, kamua kwa kuibana bila kuisokota, anika kivulini. Petroli usitumie, inayeyusha gundi ya sponji. Ikikauka, ipake oili ya ea klina hadi rangi iwe moja kote, ukamue iliyozidi. Oili hiyo ikikosekana, oili nzito ya gia ni afadhali kuliko sponji kavu. Paka grisi kwenye ukingo unaokaa kwenye boksi, na beba sponji ya pili iliyopakwa tayari kwenye mfuko wa plastiki.

Sasa kabureta. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi kati ya 800 na 900. Mchana wa Arusha wenye nyuzi 27 ukiulinganisha na asubuhi ya Moshi yenye nyuzi 20, hewa ya Moshi ni nzito zaidi kwa karibu asilimia 9. Jeti ni ileile, petroli ni ileile, hewa imeongezeka: mchanganyiko unakuwa mkavu (petroli chache kwa hewa), joto linapanda, pistoni inavimba. Kwa hiyo pangia kabureta mahali na saa utakayoendesha. Asubuhi ya Julai Arusha, yenye nyuzi 12, hewa hukaribia uzito wa ile ya Moshi mchana.

Kwa jeti kubwa ya kiwandani, anza Arusha na namba moja au mbili chini yake (namba kubwa hupitisha petroli zaidi). Moshi anza na ya kiwandani, ushuke ikihitajika. Siku zote anza na namba kubwa. Injini ya mafuta mengi inakohoa na kulowesha plagi tu. Ya mafuta machache inakula pistoni.

Pasha injini dakika tatu hadi tano. Skrubu ya hewa ifunge taratibu hadi ikae, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kuvutwa gesi), izungushe skrubu robo robo hadi mlio uwe juu na tulivu kabisa. Ikitulia chini ya mzunguko mmoja, jeti ndogo inataka namba kubwa zaidi; ikizidi miwili na nusu, namba ndogo zaidi. Halafu funga plagi mpya, mtoto avute gesi yote kwenye njia iliyonyooka na azime hapohapo, asirudi taratibu. Fungua plagi: rangi ya chai ya maziwa ni sawa, nyeusi yenye unyevu punguza jeti, nyeupe simamisha zoezi na uongeze.

Ukiongeza jeti na bado mlio unabaki juu gesi ikiwa imefungwa, hewa inaingia pasipostahili. Kagua mpira kati ya kabureta na silinda, kaza klipu zake. Mpira ukiwa mzima, ni oili sili ya kranki (mpira unaoziba mwisho wa kranki). Ya upande wa sumaku ikichoka huvuta hewa. Ya upande wa klachi huvuta oili ya gia, na utaiona kwa moshi mweupe usiokoma na oili ya gia inayopungua bila kuvuja. Hapo pikipiki inarudi kwenye pikapu.