Somo: Kuandika muhtasari wa kikao kwa sauti bila akidi kugeuka akili

Habari zenu wadau. Nilipogusia kwamba siku hizi muhtasari wa kikao nauandika kwa kuongea, watu kadhaa waliniomba nilete somo. Nimechelewa, mnisamehe. Mwisho wa mwezi ofisini kwetu hakuna anayepumua.

Mimi ni katibu wa chama kidogo cha kuweka na kukopa hapa Morogoro. Kikao cha bodi cha saa mbili na nusu kilikuwa kinanila siku nzima ya kuchapa, maana nachapa kwa vidole vinne. Sasa nakimaliza kabla ya chakula cha mchana. Ila mara ya kwanza nilipojaribu, ukurasa wangu ulianza hivi: "Mwenyekiti alithibitisha kuwa akili imetimia na kikao kikafunguliwa." Akidi, jamani, ile idadi ya wajumbe inayotosha kufungua kikao! Mhasibu alikuwa anachungulia begani kwangu, akacheka mpaka akatafuta kiti. Kwa hiyo nusu ya somo ni namna ya kutumia chombo chenyewe, yaani Voice typing iliyo ndani ya Google Docs, programu ya Google ya kuandikia mtandaoni, na nusu ni namna ya kukijaribu kabla hujakiamini. Hiyo nusu ya pili ndiyo watu wanairuka.

Unachohitaji: kompyuta yenye kivinjari cha Chrome, akaunti ya Google, intaneti isiyokatikakatika, simu ya kurekodia, na earphone zenye maiki. Zile zilizokuja na simu zinatosha, usinunue kitu.

Hatua ya 1: Anza na karatasi ambayo majibu yake unayajua

Usianze na kikao cha leo. Chukua muhtasari wa zamani, uliokwisha kuthibitishwa na kusainiwa, usome ukurasa mmoja kwa sauti mbele ya mashine (namna ya kuiwasha iko Hatua ya 2). Kisha weka karatasi na skrini ubavu kwa ubavu, upige mstari mwekundu kila penye kosa. Huo ndio mtihani wako, na kwa kuwa majibu yako mezani huwezi kudanganyika.

Angalia aina ya makosa zaidi ya idadi yake. Mimi niligundua kwamba maneno ya kila siku yanatoka vizuri mno, hata sentensi ndefu. Yanayoanguka ni maneno ya kazi yetu: akidi, marejesho, riba, dhamana, mdhamini. Majina ya watu na ya vijiji ndiyo kabisa. Nikatengeneza orodha ya maneno kumi na mawili yasiyoaminika, nimeibandika kwa selotepu chini ya skrini mpaka leo. Orodha yako itakuwa tofauti na yangu. Wa zahanati atakuwa na majina ya dawa, wa shule atakuwa na mihtasari ya masomo na maazimio ya kazi.

Hatua ya 2: Fungua na chagua lugha

Fungua hati mpya ya Google Docs. Kama menyu zako ziko kwa Kiingereza, kama zilivyo za wengi wetu, bonyeza "Tools" halafu "Voice typing", au ubonyeze Ctrl, Shift na S kwa pamoja. Kitatokea kidude chenye picha ya kipaza sauti, na juu yake jina la lugha. Bonyeza jina hilo uchague Kiswahili. Utakuta cha Tanzania na cha Kenya, jaribu vyote viwili kwa ukurasa uleule. Google waliingiza Kiswahili kwenye utambuzi wa sauti tangu Agosti 2017, pamoja na Kiamhari na lugha nyingine, kwa hiyo hiki si kitu cha jana. Sisi tu ndio tumechelewa kufika.

Bonyeza kipaza sauti, kikiwa chekundu ongea. Ukihamia dirisha jingine kinazimika chenyewe, na hakikwambii kwa kelele. Mara ya pili nilihubiri dakika nzima kwa ukuta.

Hatua ya 3: Wewe ndiye mdomo wa kikao

Hapa ndipo penye utamu. Wengi wakisikia "kuandika kwa sauti" wanaweka kompyuta katikati ya meza ya kikao wakitegemea iandike yote. Haitawezekana. Watu wanadakizana, feni inavuma, mtu anakohoa, mjumbe wa mwisho anaongea kama anamnong'oneza mkewe. Utapata uji.

Fanya hivi. Kikao kirekodi kwa simu, kwa idhini ya wajumbe, na mwenyewe uandike vidokezo kwa kalamu kama kawaida. Kikao kikiisha, jifungie chumbani. Sikio moja weka rekodi ya simu, maiki weka mdomoni. Sikiliza hoja moja mpaka mwisho, simamisha, kisha iseme kwa maneno yako mwenyewe, kwa lugha ya muhtasari: "Wajumbe walijadili ucheleweshaji wa marejesho na kuazimia kwamba..." Mashine inasikia sauti moja tu, yako, iliyotulia. Na wewe unakuwa umeshachuja, maana muhtasari hauhitaji kila "aaah" ya mjumbe.

Ufundi huu sikuubuni mimi. Wanaoandaa maandishi ya chini ya vipindi vya moja kwa moja kwenye televisheni, BBC wakiwemo, wanafanya hivyohivyo: mtu anasikiliza mtangazaji, anarudia kwa sauti safi, mashine inaandika.

Ongea kwa mwendo wa kumwelekeza mgeni njia. Ukivuta silabi moja moja kama unamfundisha mtoto kusoma, makosa yanaongezeka, maana mashine inategemea maneno ya jirani kubahatisha neno lenyewe.

Hatua ya 4: Nukta na aya

Kwa Kiingereza unaweza kutamka jina la alama na ikawekwa. Kwa Kiswahili haikubali, ukisema "nukta" itaandika nukta. Sawa, tuitumie hivyohivyo. Kila mwisho wa sentensi sema "nukta". Ukimaliza bonyeza Ctrl na H, kwenye nafasi ya kutafuta andika neno nukta likitanguliwa na nafasi moja tupu, kwenye nafasi ya kubadilishia weka alama yenyewe. Zote zinabadilika kwa mara moja. Herufi kubwa utarekebisha kwa mkono. Aya mpya bonyeza tu Enter, kidole kimoja hakichoshi.

Tahadhari: kama ulisema riba ni "mbili nukta tano", na hiyo nayo itabadilishwa, utabaki na nafasi katikati ya tarakimu. Pitia.

Hatua ya 5: Fedha usimwachie mashine

Kiswahili chetu cha fedha kina mtego wake. Mjumbe alisema nauli ya kupeleka barua ni "elfu mia mbili", na kila aliyekuwepo alielewa ni shilingi elfu moja na mia mbili, ndiyo nauli ya kwenda na kurudi. Mimi nikarudia alivyosema, skrini ikaandika 200000. Mashine haikukosea, ilisikia sawasawa. Kama nisingesimama pale, kumbukumbu za chama zingeonyesha tumetumia laki mbili kupeleka bahasha moja. Mhasibu safari hii hakucheka.

Tangu hapo kiasi chochote sikitamki. Nasema "kiasi" na kuendelea, halafu najaza tarakimu kwa mkono kutoka kwenye karatasi ya mhasibu. Saa pia nachapa mwenyewe.

Hatua ya 6: Mwezi mmoja njia mbili

Kwa mwezi wa kwanza usitupe daftari. Linganisha kila muhtasari na vidokezo vya kalamu siku hiyohiyo, si kesho. Ukiona makosa yamebaki yale uliyokwisha kuyaorodhesha tu, hapo unaweza kupumua. Mimi daftari bado nalibeba.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Kahama: Mkuu, somo limetulia. Mimi nina rekodi ya saa tatu tayari kwenye simu, sina muda wa kurudia kwa mdomo. Hakuna chombo cha kuingiza faili lenyewe?

Jibu: Mimi ni dada, si mkuu, lakini nimepokea. Hicho cha Google Docs hakipokei faili, kinasikiliza maiki tu. Kipo Whisper, kampuni ya OpenAI ilikitoa Septemba 2022, ni bure na Kiswahili kimo. Unaweza kukiweka ndani ya kompyuta yako, rekodi isitoke kwenda popote, ila kompyuta iwe na nguvu na uwe na mtu wa kukusaidia kukiweka. Shemeji yangu alinisaidia. Nilichokiona: pale watu waliponyamaza kusubiri chai, kilijaza sentensi nzima ambayo hakuna aliyeisema, imenyooka kisarufi kabisa. Kosa la Google unaliona kwa sababu linachekesha. La namna hii linapita mlangoni limevaa suti. Sikiliza rekodi yote ukiwa unasoma, na hapo hizo saa tatu zako hujaziokoa sana.

Mhasibu, Mwanza: Vikao vyetu vinataja wanachama wanaodaiwa kwa majina. Sauti hiyo si inakwenda kwenye mitambo ya watu?

Jibu: Inakwenda, ndiyo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na wenzetu Kenya wana ya kwao ya 2019. Ninachofanya: majina siyatamki, nasema "mwanachama wa kwanza", "mwanachama wa pili", najaza baadaye kwenye nakala iliyo ndani ya kompyuta, si iliyo mtandaoni. Idhini ya kurekodi mwenyekiti anaiomba mwanzoni na inaandikwa kwenye muhtasari wenyewe. Rekodi naifuta muhtasari ukishathibitishwa. Kuhusu ofisi yako, muulize kwanza mkuu wako. Mimi si mwanasheria.

Msomaji wa Lubumbashi: Huku kwetu tunasema "batoto" na tunachanganya na Kifaransa. Nataka kuandika hadithi za nyanya yangu. Nichague cha Tanzania ama cha Kenya?

Jibu: Karibu sana. Cha Kongo sijakiona kwenye orodha. Jaribu vyote viwili kwa hadithi fupi, lakini kwa kazi hiyo nakuomba usitumie kabisa. Mashine itamnyoosha nyanya. Atasema "batoto", utakuta "watoto", na wajukuu watasoma bibi asiye wao. Mama yangu mdogo ni wa Pangani, nilimjaribu kwa kisa kimoja tu, maneno yake matamu yote yakarudi yamepigwa pasi. Rekodi sauti yake, hifadhi faili sehemu mbili, moja nje ya simu. Maandishi andika kwa mkono wako pole pole, ukimuuliza.

Dada wa Muscat: Shikamoo dada. Mama yuko Unguja, macho yamepungua nguvu, anataka kunijibu meseji mwenyewe. Hii inafaa?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kwenye simu ya Android weka kibodi ya Gboard, ongeza Kiswahili kwenye lugha zake, kipaza sauti kitakuwa juu ya herufi. Anabonyeza, anaongea, maandishi yanatoka. Lakini jiulize: yakitoka na kosa, atalionaje? Atatuma tu. Mimi ningemwacha atume ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Wewe ndiye unayetaka maandishi, au yeye? Kama ni yeye kweli, kwa sababu ya heshima yake ya kuandika barua, basi mfundishe mjukuu aliye naye amsomee kabla ya kutuma.

Katibu muhtasi mstaafu, Tabora: Mwanangu, nimesoma somo lako lote. Sisi Chuo cha Uhazili tulifundishwa hatimkato, yaani maandishi ya mkato ya kuandikia kwa kasi, mpaka leo matangazo ya kazi yanadai maneno 80 kwa dakika moja. Nilikaa kikaoni, nikatoka na kila kitu, bila simu wala intaneti, na akidi haikuwahi kuwa akili. Hii yenu inanishinda nini?

Jibu: Shikamoo mama. Haikushindi chochote. Mimi hatimkato sikusoma, nilikuja kazini kwa cheti cha kompyuta, ndiyo maana nahangaika na maiki. Nimejaribu kuhesabu mwendo wangu nikirudia kikao kwa mdomo, nikijumlisha na muda wa kusimamisha na kusahihisha, siufikii wako. Kitu kimoja nakuomba: kwenye hatimkato mlikuwa mnaandikaje fedha kwa haraka bila kuchanganya laki na elfu?

Katibu muhtasi mstaafu, Tabora: Tulikuwa tunamsimamisha mjumbe na kumuuliza.