Namna ya kunoa patasi kuukuu mpaka ikate mbambakofi

Mafundi wenzangu, hapa Lamu vijana wanaoanza kuchonga milango hukimbilia patasi mpya ya dukani inayong'aa, na mimi nawaambia ukipata ile ya zamani ya Sheffield, mji wa Uingereza unaosifika kwa vyuma, hata kama ina kutu, chukua hiyo, chuma chake kinashika makali. Ila kabla hujalipa igeuze utazame mgongo, ule upande bapa. Kutu ya juujuu hutoka, lakini ikishakula vishimo karibu na ncha iache, maana makali ni pale pande mbili zinapokutana na kishimo kikifika hapo ni pengo.

Kwanza mgongo. Bandika msasa wa maji namba 400 juu ya kioo kinene, tia maji, laza patasi bapa kabisa, usiinue mpini hata kidogo, usugue zile sentimita tatu za mwisho tu. Mikwaruzo ikiwa sawa mpaka ukingoni nenda 1000, kisha 2000. Hapa ndipo watu huchoka, na kazi yote iko hapa jamani, vumilia, ukiunyoosha vizuri umemaliza.

Halafu mteremko, ule upande ulioinama kuelekea kwenye makali. Unoe kwa pembe ya nyuzi 25, na pale ukingoni kabisa 30 kwa sababu mbambakofi ni mgumu. Kama ncha imevunjika na lazima upitishe kwenye mashine ya kunolea, gusa kidogo, chovya majini, gusa tena, maana chuma kikigeuka buluu kimeshafika kama nyuzi joto 300 na ugumu umetoka, itabidi usage sehemu hiyo yote iishe.

Sugua mteremko mpaka ukipitisha kidole mgongoni kuelekea nje usikie kitu kinakwaruza, upana mzima. Ni chuma chembamba kilichopinduka. Hukisikii? Bado, endelea. Kitoe kwa kulaza mgongo kwenye 2000 mara chache, umalizie kwenye ngozi ya mkanda ukivuta kurudi nyuma.

Kujaribu, mambo ya kunyoa nywele za mkono hayakuambii kitu. Kata kichwa cha ubao laini, pale nyuzi za mti zinapoishia: ukitoka uso laini unaong'aa, ni sawa; ukiona mistari myeupe makali yana mapengo, rudi 1000.

Ukichonga msaji pitisha kwenye ngozi mara kwa mara, ule mti una vichembe kama mchanga ndani yake, unakula makali haraka sana. Na jioni paka mafuta ya cherehani, hewa yetu ya chumvi haingoji, kisha kila patasi uizungushie kitambaa chake zisigongane kapuni.