Supamaketi ya mtaa ikifungwa: namna ya kuhifadhi kumbukumbu zake

Anza na risiti, maana ndizo zinazofutika mapema. Hazina wino: karatasi imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi kwa joto la mashine, na maandishi yake hufifia kwa mwanga, mafuta ya mikono, spiriti ya kusafishia mikono na hata mifuko laini ya plastiki ya albamu. Gazeti litaeleza madeni ya kampuni. Risiti ndiyo itakayoeleza nyumba moja ya Kongowea, Mombasa, ilinunua nini mwisho wa mwezi, na kwa bei gani.

Ilaze juu ya karatasi nyeupe barazani penye kivuli, uipige picha kwa simu bila flashi. Iliyo ndefu ipige picha kipande kwa kipande, kila picha irudie mistari mitatu ya iliyotangulia ili baadaye uweze kuunganisha. Usiilaminishe wala kuipiga pasi, itakuwa nyeusi yote. Ihifadhi kwenye bahasha ya karatasi, gizani. Kabla ya kumtumia mtu picha, funika namba ya simu, namba ya kadi ya pointi na jina la keshia.

Mifuko ya zamani nayo ina thamani. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, na kampuni ya supamaketi ya Nakumatt yenyewe ikafika mwisho mwaka 2020, kwa hiyo mfuko wenye tembo wake haurudi tena. Usiubebee kitu. Upige picha pande zote mbili, kisha utie karatasi nyeupe ndani ili rangi isigandane.

Jengo lipige picha kabla bango halijashushwa: linalotazama mashariki asubuhi, linalotazama magharibi alasiri. Ndani, muombe meneja ruhusa kwanza.

Kwenye mahojiano na waliolijua duka, wengi hukosea kwa kuuliza "Unakumbuka nini?" Jibu huwa fupi: "Palikuwa pazuri." Chukua karatasi ya A4, mchoree mwenzako mlango, umpe kalamu aonyeshe mkate ulikuwa wapi, unga wapi, foleni ilipinda wapi, tende zilipangwa wapi Ramadhani. Mkono ukianza kuchora, maneno hufuata. Watafute keshia, mlinzi, hamali wa mkokoteni na dereva wa tuktuk aliyeegesha nje. Hawa waliona mengi kuliko mteja. Omba idhini, na jibu lake ulirekodi. Zima feni, kwani ngurumo yake humeza sauti, na weka simu karibu shubiri moja na nusu kutoka mdomoni.

Kisha kuna hewa yetu ya pwani. Chumvi na unyevu hutia kutu pini za stepla, na kutu hula karatasi: zitoe zote. Selotepu usitumie kabisa, gundi yake huacha doa la manjano. Sanduku liwe la plastiki ngumu lenye mfuniko, juu ya rafu mbali na ukuta wa nje. Likikaa sakafuni, mchwa na mende watatangulia kulifungua. Picha na sauti ziwe na nakala tatu, moja kwa ndugu anayekaa nyumba nyingine.

Sanduku likague kabla ya masika na baada yake. Ukisikia harufu ya uvundo, tandaza karatasi kivulini chumba chenye hewa, kamwe si juani, na usizirudishe mpaka sanduku limefutwa na kukauka kabisa.